Kutu Huanzia Nchi Kavu

Mada ya mhadhara huu inahusu kifaa ambacho wavuvi wengi wa Baraka, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, hawakitumii, yaani rili ya kuvulia baharini. Kwetu mshipi huviringishwa kwenye kipande cha ubao, na ndakala, yaani dagaa, hawavuliwi kwa ndoano bali kwa wavu na taa, usiku wa giza. Rili ni chombo cha watu wa Malindi, Watamu na Shimoni, wanaowapeleka wageni katika Bahari ya Hindi kutafuta nduwaro na jodari. Hata hivyo nimeanzia hapo makusudi. Rili ni mashine ndogo inayoenea kiganjani, lakini ndani yake mna alumini, chuma cha kawaida, inoksi (chuma kisichoshika kutu upesi) na shaba njano, vyote vimefungiwa pamoja na kuloweshwa maji ya chumvi kila safari. Kinachoiua rili ya Shimoni ndicho, kwa mwendo wa polepole zaidi, kinachoiua mota ya Mboko na msumari wa mtumbwi wa Kazimia hapa kwetu. Hoja yangu ni hii: kutu inayotufilisi mwambao huu haitoki ziwani. Inaanzia nchi kavu, katika saa zile baada ya chombo kufika ufukweni, na kwa kuwa inaanzia hapo, kuizuia ni kazi ya mikono ya mtu fulani. Kazi ambayo hakuna anayelipwa kuifanya haifanyiki.

Tuanze na pingamizi ambalo kila mtu wa Baraka analo mdomoni: ziwa letu ni maji baridi, habari za chumvi ni za watu wa Mombasa. Kwa hesabu, msemaji huyu ana haki. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kama gramu 19 kati ya hizo ni kloraidi, ambayo ndiyo adui hasa, kwa kuwa hutoboa ngozi nyembamba inayoilinda alumini na inoksi. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina kama gramu 0.6 za madini yote kwa jumla, na kloraidi iliyomo haifiki miligramu 30. Kwa kloraidi, bahari inatuzidi zaidi ya mara mia sita. Lakini kutu ya chuma haihitaji chumvi ili ianze. Inahitaji maji na oksijeni, basi. Chumvi huiharakisha tu, kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, maana kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo unaotoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Kwa hiyo anayesema kwamba hatuna chumvi amethibitisha kwamba tunayo nafasi kubwa kuliko mvuvi wa Malindi ya kuvitunza vyuma vyetu. Hajathibitisha kwamba hatuna kazi ya kufanya. Na ikiwa vyuma vyetu vinakufa mapema ingawa maji yetu ni mapole, basi sababu itafutwe mahali pengine.

Mahali penyewe ni hewani. Chuma kilichozama chote hupata oksijeni kidogo, kwa kuwa oksijeni hupenya majini taratibu sana. Chuma kilichofunikwa na utando mwembamba wa unyevu huipata papo hapo, tena bila kikomo. Itazameni nguzo yoyote ya chuma iliyosimama majini. Panapoliwa zaidi si miguuni, ni pale mawimbi yanaporukia, panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mota iliyolazwa ufukweni ikiwa na maji katika mikunjo yake, au mnyororo wa nanga uliorundikiwa wavu, unaishi katika hali hiyo mchana na usiku. Wanaochunguza kutu wamejua tangu miaka ya 1920 na 1930 kwamba hata bila tone la maji linaloonekana, chuma chenye uchafu huanza kuliwa unyevu wa hewa unapopita kiwango fulani, karibu asilimia 60. Nani aliyelala Baraka wakati wa mvua akadai kwamba hewa ya usiku ina unyevu chini ya hapo?

Ziwa hili lenyewe limetuachia ushahidi mkubwa wa jambo hili, nao ni meli nzima. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha kama 5,000, ikafika Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, kwa nia ya kuja kuichukua siku moja. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini zake bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mashine zilezile za mvuke ziliendelea kuisukuma kwa miongo kadhaa. Karibu miaka minane katika Tanganyika, ukiacha muda wa Wabelgiji, na injini ikapona. Kuna atakayesema kwamba chuma cha zamani kilikuwa kinene, na kwamba mashine ya mvuke si mota ya siku hizi yenye alumini nyembamba. Kweli kabisa, na meli ile ilihitaji matengenezo mengi. Lakini unene haulindi sehemu zinazosuguana, kama vile pistoni na shingo za mhimili, ambako uharibifu wa unene wa unywele unatosha kuikwamisha mashine. Vilivyolinda sehemu hizo ni grisi pamoja na ukosefu wa hewa. Mota ya kwetu haizamishwi, haipakwi grisi, na hewa inayo tele.

Sasa turudi kwenye rili, kwa sababu inafundisha jambo la pili ambalo meli haifundishi vizuri, yaani ugomvi wa vyuma vinavyogusana. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika HMS Alarm mabamba ya shaba kwa chini ili wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Ila palikuwa na sehemu ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilikuwa imeachwa katikati, kati ya shaba na chuma, na hapo msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu! Vyuma viwili visivyofanana vikigusana ndani ya maji vinakuwa betri, na kilicho dhaifu ndicho kinacholiwa: zinki na alumini huliwa kabla ya chuma, chuma kabla ya inoksi na shaba. Rili imejengwa kwa kuujua ugomvi huu. Mwili wake wa alumini hunenepeshwa ngozi kwa umeme kiwandani ndipo upakwe rangi ile ya dhahabu au nyeusi, na skrubu zake za inoksi huwekewa grisi ili zisiguse alumini moja kwa moja. Mvuvi mzoefu wa Watamu anapoifungua rili yake huirudishia grisi hiyo kila tundu la skrubu. Asipofanya hivyo, unga mweupe hujitokeza kuzunguka kichwa cha skrubu, na siku ya kuifungua skrubu hukatika.

Je, sisi tunafanya nini? Boloti ya mota ikipotea, fundi huweka yoyote inayoingia. Tanki hufungiwa kwa waya wa shaba uliochunwa kwenye kebo kuukuu. Kiraka cha alumini hupigiliwa kwa misumari ya chuma juu ya ubao usiokauka mwaka mzima. Simlaumu fundi, maana hakuna duka mwambaoni linalouza boloti kwa kuchagua aina ya chuma. Ninachosema ni kwamba somo la Alarm halihitaji duka. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli kikikatwa duara na kuwekwa chini ya boloti kinafanya kazi ya karatasi ile, na grisi kwenye uzi wa boloti inamalizia. Jambo moja tu la kuangalia ni ukubwa. Boloti ndogo ya inoksi katika mwili mkubwa wa alumini hula polepole, kwa sababu hasara inagawanyika mahali papana. Ribiti ndogo ya alumini katika bamba kubwa la chuma au shaba huisha upesi, kwa sababu hasara yote inaiangukia yenyewe.

Katika ugomvi huohuo ndimo mwanakemia Humphry Davy alimopata dawa mwaka 1824, alipowashauri Waingereza waweke kwa makusudi vipande vya zinki au chuma ili viliwe badala ya shaba. Karibu kila mota ina kipande kama hicho chini karibu na panga lake, ambacho mafundi hukiita anodi. Hapa kosa la kwetu ni la pekee. Viwanda hushauri zinki au alumini kwa bahari, na magnesiamu kwa maji baridi, kwa sababu zinki katika maji baridi huvaa gamba gumu na kulala usingizi: ipo, inaonekana nzima, mwenye mota anafurahi kwamba haijaisha, kumbe mwili wa mota ndio unaoliwa. Mota nyingi zinazofika hapa zimepita mikono mingi na bandari nyingi, na hakuna anayeuliza anodi yake ni ya maji gani. Mbaya zaidi ni ile inayopakwa rangi pamoja na mota ili ipendeze. Anodi iliyopakwa rangi ni pambo. Ikwanguliwe hadi ing’ae, na mahali inapofungwa pia pawe chuma kitupu, la sivyo haina mawasiliano na kile inachopaswa kukikomboa.

Nimesema maji yetu ni mapole. Hapa lazima nijirekebishe kidogo kwa ajili ya alumini, na nadhani sehemu hii haisemwi vya kutosha. Ngozi inayoilinda alumini hudumu vizuri katika maji ambayo pH yake iko kati ya 4 na 8.5 hivi. Maji ya juu ya Tanganyika yana pH ya 8.6 hadi 9.2; ni maji yenye magadi na chokaa, sehemu kubwa ya madini hayo ikiletwa na Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kwa chuma cha kawaida hali hiyo si mbaya, hata inakisaidia. Kwa alumini, tunaishi mpakani. Ngozi haianguki, lakini haistareheki, na kila tunachokiongeza upande wa magadi kinaisukuma ng’ambo. Tunaongeza nini? Majivu. Tumezoea kusugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka ziwe kama kioo, na mng’ao ule ni alumini iliyochunwa ngozi. Sufuria inavumilia kwa kuwa ni nene na kazi yake ni rahisi. Mota au rili ikisuguliwa hivyo haitavumilia. Vivyo hivyo maji ya klorini. Baraka na Uvira zinajua kipindupindu, na maji yenye klorini ya asilimia 0.5 ya kuulia vijidudu yameokoa watu wengi, asiyatupe mtu. Ila mtumbwi uliobeba mgonjwa ukisafishwa kwa maji hayo, vyuma vyake visuuzwe mara baada ya muda uliowekwa kupita, kwa kuwa klorini hula chuma, na hata inoksi haiihurumii.

Na chumvi yenyewe? Ipo Baraka, ila haiji kwa maji, inakuja kwa gunia. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikizunguka katika nchi za ziwa hili tangu kabla ya Wazungu kufika, na samaki wa chumvi ni biashara ya kila siku kutoka Ubwari hadi Uvira. Maji ya samaki aliyetiwa chumvi huchuruzika chini ya mtumbwi, yakaingia katika vichwa vya misumari, yakapanda kwenye ndoano ya mizani, yakalowesha waya wa taa. Chumvi ya kawaida huanza kunywa unyevu wa hewa ikiwa unyevu huo umefika asilimia 75, kwa hiyo chuma kilichoguswa nayo hakikauki usiku hata mvua isiponyesha. Chumvi ya bahari ni shida zaidi, kwa kuwa ina kloraidi ya magnesiamu inayokunywa unyevu hata hewa ikiwa kavu kiasi. Ndiyo maana mvuvi wa Malindi hawezi kusema rili yangu imekauka bila kuisuuza kwanza. Hapo tofauti yetu naye inageuka kuwa neema. Yeye hutafuta maji ya kusuuzia na kuyalipia, nasi tumesimama ndani yake. Ndoo mbili za ziwa zikimwagwa taratibu juu ya vyuma vilivyoguswa na samaki wa chumvi zinaondoa karibu yote.

Nisisitize neno taratibu. Waenda bahari wanajua kwamba rili haitumbukizwi kwenye ndoo wala haipigwi kwa maji ya nguvu, kwa kuwa nguvu hiyo huisukuma chumvi ndani ya beringi badala ya kuitoa. Breki hukazwa kwanza ili maji yasipenye katika washa zake, kisha maji hutiririshwa juu ya mwili na juu ya mshipi uliojaa kwenye gurudumu, maana mshipi huhifadhi chumvi nyingi na alumini iliyo chini yake huoza bila kuonekana. Kisha rili huvuliwa kwenye fimbo, kwa kuwa pale inapokaa pana ufa unaoweka maji. Hupanguswa, huachwa kivulini, na breki hulegezwa. Tone la mafuta kwenye beringi, grisi kidogo kwenye gia, na washa za breki zisiguswe isipokuwa kwa grisi yake maalumu. Kuna wanaodhani dawa ya kopo inayopulizwa inatosha kwa yote. Ile huyeyusha grisi iliyokuwapo, kisha yenyewe hukauka ikaondoka, na gia ikabaki uchi.

Taa za betri zinahitaji maneno machache. Karabai zilikuwa na kutu yake, ya mafuta na moto; betri za asidi zimeleta nyingine. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri ni kazi ya asidi, na huondolewa kwa maji ya magadi, kisha vichwa vikasuuzwa, vikakaushwa, vikapakwa grisi. Lakini hatari kubwa zaidi ni waya uliochubuka unaolala katika maji ya chini ya mtumbwi. Umeme unaovuja hivyo hula chuma kwa kasi ambayo hakuna chumvi inayoifikia. Mwenye mtumbwi akiona misumari ya upande mmoja inaisha haraka kuliko ya upande mwingine, asiulaumu ubao kabla ya kuufuata waya.

Pingamizi la kwanza zito ni la wenye fedha: tununue vifaa vya inoksi tumalize habari. Inoksi, iliyotokana na kazi ya Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913 na ya wengine wa wakati wake, haina kinga ya kuzaliwa nayo kama tunavyodhani. Kromiamu iliyomo hujitengenezea ngozi kwa kutumia oksijeni, na ngozi ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe mradi hewa ipo. Katika ufa wenye maji yaliyotuama, chini ya kichwa cha boloti au ndani ya ubao mbichi, oksijeni inaisha, ngozi hairudi, na inoksi inatobolewa kimyakimya bila hata rangi nyekundu ya kutuonya. Kwa hiyo anayenunua inoksi na kuiacha imelowa amenunua kwa bei kubwa tatizo lisiloonekana. Mimi sipingi kununua. Napinga kununua badala ya kukausha.

Pingamizi la pili linatoka katika mashamba yetu ya michikichi: mawese yapo, kwa nini tutafute grisi? Swali hili linastahili heshima, na jibu lake si hapana moja kwa moja. Katika karne ya 19 viwanda vya Wales vilivyopaka mabamba ya chuma bati vilinunua mawese ya Afrika Magharibi kwa wingi, na mabamba yalikaa ndani ya mawese ya moto ili hewa isiyaguse kabla ya kupakwa. Kwa hiyo mafuta yetu yana sifa ya kulinda chuma, tena sifa iliyothibitishwa na viwanda vikubwa. Tofauti ni kwamba mawese yaliyokamuliwa nyumbani hubaki na maji na asidi yake, na yakikaa huchacha, asidi ikaongezeka. Asidi hiyo hula shaba njano na zinki, na mafuta yenyewe huganda kama gundi. Panga, nanga, misumari iliyo ghalani, hivyo vipakwe mawese mapya kwa wiki chache bila wasiwasi. Beringi, gia na breki, hapana. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini nayo haifai: imebeba maji, asidi na unga wa chuma, na inaishia katika ziwa ambalo watoto wetu wanalinywa.

Sasa nafika penye uzito. Nimetaja kitambaa kikavu, kopo la grisi, vipande vya mpira, ndoo mbili za maji na kivuli. Hakuna kati ya hivyo kinachomshinda mwenye mota. Basi kwa nini havitumiki? Tazameni alfajiri inavyokwenda. Mtumbwi unafika, mabaharia hawajalala, wamama wanaonunua ndakala wanangoja kwa beseni, jua linapanda na samaki hawangoji. Samaki anaoza kwa saa, chuma kinaoza kwa misimu. Kila mtu anakimbilia kinachooza upesi. Kisha hesabu inafanywa: inatolewa esansi (petroli), chakula, gharama ya betri, na kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Katika hesabu hiyo esansi ina nafasi yake kwa kuwa safari haiwezekani bila hiyo. Kukausha na kupaka mafuta hakuna nafasi. Mwenye mota analalamika kwamba mabaharia ni wazembe, mabaharia wanasema mota si yao, na kwa jinsi mgawo ulivyopangwa wote wawili wanasema kweli: mwenye saa za kuitunza mota hana hasara ikifa, na mwenye hasara hayupo ufukweni.

Ndiyo maana nadai kwamba grisi na mshahara wa mtunzaji viingie katika gharama za safari, vitolewe kabla ya mgawo kama esansi inavyotolewa, na mtunzaji awe mtu mmoja anayejulikana, asiwe kikosi kizima ambacho kila mmoja wake anamngoja mwenzake. Anaweza kuwa kijana asiyekwenda ziwani usiku, ili alfajiri awe na nguvu. Mabaharia wataona fungu lao linapungua, na watanung’unika. Lakini wao pia hupoteza mota inapolala kwa fundi. Siku ambayo mtumbwi hauendi baharia halipwi chochote, ilhali mwenye mota huenda ana kazi nyingine ya kumlisha. Kwa hesabu hiyo, baharia ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mtunzaji.

Limebaki pingamizi ambalo mtu wa Malindi hawezi kulitoa, na wa hapa kwetu Fizi hawezi kulinyamazia: kwa nini nitunze mota itakayoporwa? Tangu 1996 nchi hii ya Kongo imeona vita juu ya vita, watu wamelivuka ziwa kutoka mji huu kwenda Kigoma na kurudi, na wanyang’anyi wa ziwani wanaijua thamani ya mota kuliko wanavyoijua ya samaki. Mtu anayetarajia kunyang’anywa mali yake hana ujinga akikataa kuitumikia, anapima. Ila naona kipimo chake kimesahau upande mmoja. Uporaji hauna tarehe, lakini mota mbovu ina saa yake: huzimika katikati ya ziwa, upepo wa kusini unapoamka, au karibu na wale hasa unaowakimbia. Mashine isiyozimika ni sehemu ya usalama. Pili, hofu hiyohiyo imekwisha kutuzoeza jambo jema, kwa kuwa wengi huing’oa mota jioni au alfajiri na kuibeba nyumbani. Kazi ngumu ya kuitoa kwenye unyevu wa ufuko inafanyika tayari. Tatizo ni kwamba ikifika nyumbani hufungwa bashi la plastiki ikiwa imelowa, isionekane, na ndani ya plastiki ile jasho hukaa usiku kucha. Ifichwe, naam, lakini kwa gunia au kitambaa kinachopitisha hewa, tena ikiwa imepanguswa.

Mwisho ni kipindi cha kufungwa kwa ziwa. Nchi nne za ziwa hili zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 zilianza kutekeleza, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Sheria hiyo inazungumzwa kwa habari ya samaki na njaa, kama inavyostahili. Mimi natazama mota zilizolazwa zaidi ya siku tisini. Kufunga ziwa kunaisimamisha mashine ikiwa na maji ndani yake, tena bila mtu wa kuigusa. Kwa hiyo kabla ya kufunga mota isimamishwe wima ili maji yote yatoke, esansi imwagwe kutoka kwenye kabureta, buji zitolewe na mafuta kidogo yatiwe ndani huku ikizungushwa kwa mkono. Mafuta ya gia yafunguliwe yatazamwe: yakiwa meupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili na sili ibadilishwe sasa, wakati fundi hana foleni. Anodi ikwanguliwe, waya za taa zipanguswe, misumari inayolia itolewe na kupakwa kabla ya kurudishwa. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili kwa kila mtumbwi, na fedha yake itengwe kabla ya mgawo wa wiki za mwanzo wa Mei, samaki wakiwa bado wanaingia, ili mtunzaji alipwe tarehe 14 na si kuahidiwa kwamba atalipwa ziwa likifunguliwa.